Tiketi ya Bure ya Kamande

Nilipowaacha, wasomaji wangu, Jedidah alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea viazi mkononi, na mwanamke asiyemjua alikuwa amemwambia hivi: "Asipande. Wangu alipanda."

Mlango ulikuwa bado wazi. Baridi ya Barking, hapa London, ilikuwa inaingia ndani bila kukaribishwa.

"Asipande nini?" Jedidah aliuliza.

"Ndege, Mama. Mujukuu yako. Ule mwenye kusoma China."

"Nani amekwambia habari za mjukuu wangu?"

"Wewe mwenyewe. Kanisani, Jumapili."

Ni kweli. Jumapili, katika kanisa la Lewisham, wakati wa ushuhuda ulipofika, Jedidah alisimama, akapewa maikrofoni, akamshukuru Mungu kwa tiketi ya bure. Kamande, mjukuu aliyemlea Murang'a tangu akiwa mchanga, sasa anasomea uhandisi Hangzhou. Angekuja London kumwona kabla Jedidah hajafanyiwa upasuaji wa moyo, Jumanne ya wiki iliyofuata. Viza alikuwa nayo. Kilichokosekana ni nauli, na Ndugu Jotham wa hapo hapo kanisani alisema ana jamaa wanaolipia wanafunzi. Kijana angepumzika kidogo Bangkok, kisha angefika London. Watu walipiga makofi. Mtu akaanzisha pambio.

Mwanamke huyu alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa. Hakupiga makofi.

"Nilitaka kusimama," alisema sasa, akiangalia chini. "Miguu ikakataa. Batu bote pale wanajua Gires wangu anasoma. Sijawahi kuwaambia eko wapi."

Jedidah alimtazama. Koti lake lilikuwa jepesi, na midomo ilikuwa imepauka kwa baridi.

"Ingia, mama. Utaganda hapo."

Mwanamke aliingia, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya vile vya nyumbani. Jedidah aliona jambo hilo, hata katika hofu yake. Mtu aliyekuja kuvuruga nyumba hapangi viatu.

Jina lake lilikuwa Angélique. Alitoka Bukavu, na hapa London alikuwa anasafisha maofisi. Alikaa jikoni bila kuegemea kiti, akachukua kiazi kutoka kwenye beseni, akaanza kukimenya kwa kisu kingine, kana kwamba maneno yake yasingetoka mikono ikiwa mitupu.

"Gires alikuwa anasoma Wuhan. Mutu mumoja akamwambia, nenda Bangkok upumzike, halafu upite London usalimie mama yako. Tiketi ya bure, hoteli ya bure. Ubebe tu sanduku ya zawadi. Mimi nikapika pondu, ile kisamvu yetu, nikaibeba kwa termosi mpaka Heathrow. Nikasimama pale kwa kizuizi. Batu bote ba ile ndege wakatoka. Hata marubani wakatoka. Pondu ikapoa."

"Na Gires?"

"Alipita mlango mwingine, na polisi. Sasa tunaonana gerezani, meza katikati." Aliweka kiazi majini. "Dada yake, Chancelle, alipoona vile akaondoka hapa London. Anasema alipata kazi ya hoteli, mbali. Ananitumia sauti kwa simu. Haniambii eko mji gani. Ninasikiliza ile sauti kwa basi, tena na tena, mpaka nifike kazini."

Jedidah alikaa. Moyo wake, ule mbovu, ulikuwa umeanza kukimbia.

"Huyo mtu aliyelipa tiketi. Ni Jotham?"

"Jina yake ya kweli sikuijua. Alikuwa ananibebea mifuko pale sokoni Walthamstow. Alikuwa mutu muzuri, Mama. Hiyo ndiyo inaniuma."

"Basi si Jotham," Jedidah alisema haraka. "Humjui Jotham. Yeye ndiye hunipeleka hospitali. Huwasha joto la gari kabla sijaingia. Siku niliyoshindwa kuinama alipiga magoti pale mapokezi, mbele ya watu, akanifunga kamba za viatu. Mtu wa namna hiyo hawezi."

Angélique hakubishana.

"Mpigie mutoto," alisema tu. "Afungue sanduku. Kama ni nguo, nitakuomba msamaha, na nitakupigia deki nyumba yote mpaka Krismasi."

"Nyumba yenyewe ni chumba juu na chumba chini. Utamaliza kabla ya chai."

Hawakucheka, lakini walitazamana vizuri kwa mara ya kwanza.

Jedidah alimpigia kwanza Shiro, binti yake, mama yake Kamande. Shiro alikuwa zamuni, katika nyumba ya wazee ambako simu hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Haikupokelewa. Akampigia Kamande. Iliita, ikaita, ikakatika.

Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Jotham.

"Shosho," alisema kwa uchangamfu, kama wajukuu wanavyomwita nyanya yao, akiinua mfuko. "Nimepita sokoni nikaona nduma nzuri. Nikasema hizi ni za mgonjwa wangu."

"Asante, mwanangu. Hukupaswa kujisumbua."

"Kesho ndiyo siku. Nitakuja kukuchukua asubuhi mapema, tukampokee kijana pamoja. Uvae nguo nzito." Macho yake yalishuka kwenye viatu vilivyopangwa. "Una mgeni?"

"Mama mmoja wa kanisani. Ananisaidia viazi."

"Vizuri. Usichoke na Jumanne inakuja."

Akaketi sebuleni, mahali pake pa kawaida, karibu na dirisha. Jedidah alirudi jikoni na mfuko wa nduma, magimbi mazito, umemlemea mkononi. Angélique alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akichungulia kwenye upenyo.

"Haiko yeye," alinong'ona.

"Una hakika?"

"Yule wangu alikuwa mufupi, na kovu hapa kwa nyusi. Huyu sijawahi kumuona."

Wasomaji wangu, kifua cha Jedidah kililegea. Alichemsha chai ya maziwa. Alimpelekea Jotham kikombe kikubwa, bila sukari, kama anavyopenda, na moyoni alikuwa anamwomba msamaha ambao Jotham hakujua anaombwa.

Aliporudi jikoni simu ilikuwa inaimba. Alivuta mlango nyuma yake.

Uso wa Kamande ulijaa kwenye kioo. Nyuma yake palikuwa na kitanda cheupe cha hoteli, na dirisha lenye jua la jioni.

"Mzee wangu," Jedidah alisema.

"Mke wangu. Umekula?"

Ndivyo walivyoitana tangu zamani. Kijana alipewa jina la mume wake Jedidah, marehemu, kama desturi yao inavyotaka, na mzaha huo ulikuwa wao wawili.

"Nitakula. Niambie, hilo sanduku ulilopewa, liko wapi?"

"Hili hapa. Gari inakuja kunichukua sasa hivi kwenda uwanja wa ndege. Kwani?"

"Ni la nani?"

"La dada yake Anko Jotham. Zawadi za jamaa zake wa huko. Shosho, mbona unaongea kama mtu wa uhamiaji?"

"Lifungue."

Kamande alisogeza uso karibu na kioo.

"Shosho, umekunywa dawa zako?"

"Nimekunywa. Fungua sanduku."

"Sanduku la mtu?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika nyumba ya Jedidah mzigo wa kutumwa haukufunguliwa. Unapewa, unabeba, unaufikisha ulivyo. Kamande alipokuwa mdogo aliwahi kufungua furushi la jirani lililotoka Nairobi, akala andazi moja. Jedidah alimshika mkono, akampeleka kwa jirani, akamsimamisha mbele ya watu wa nyumba ile aseme mwenyewe alichofanya. Tangu siku hiyo kijana yule angeweza kubeba sanduku la mtu kuizunguka dunia, na afisa wa uwanja wa ndege akimuuliza kama amelipanga mwenyewe angejibu ndiyo, kwa sababu kusema hajui kilichomo kungekuwa kumtukana aliyemtuma.

"Wewe ndiye ulinifundisha," Kamande alisema.

"Najua."

"Na Anko Jotham amekusaidia mengi namna hiyo. Nikianza kupekua vitu vya dada yake—"

"Kamande. Huko chuoni hawakuwaambia lolote kuhusu safari za bure?"

"Walituambia. Kabla ya likizo walitukusanya ukumbini sisi wote wa kutoka nje. Msikubali safari ya bure ya mtu msiyemjua. Nilicheka na wenzangu, Shosho. Nilisema yangu si ya mtu nisiyemjua. Yangu imetoka kwa shosho yangu."

Jedidah alishika ukingo wa sinki. Angélique akaweka mkono mgongoni kwake, akauacha pale.

"Aliyekukataza kufungua ni mimi," Jedidah alisema polepole. "Na anayekutuma ufungue ni mimi. Ikiwa tumekosea, nitakwenda kwa huyo dada mwenyewe, kwa miguu yangu, niombe msamaha. Fungua."

Kamande aliegemeza simu kwenye taa ya kitandani. Wakasikia zipu.

"Magauni ya kulalia," alisema. "Blanketi ya mtoto. Kandambili. Magauni tena. Shosho, hakuna kitu. Ni zawadi tu."

Angélique alifunika uso kwa viganja. Jedidah alifumba macho, akataka kucheka, akataka kulia. Kutoka sebuleni walimsikia Jotham akikohoa kidogo, kikombe kikigusa sahani.

"Niambie tu nirudishe vizuri kabla yule dada wa hapa hotelini hajapanda kunichukua," Kamande alisema. "Ngoja. Kuna vitu vyako huku chini."

"Vyangu?"

"Makopo ya chai. Mengi. Yana karatasi. Jina lako, Jedidah, na anwani ya hapo Barking, mpaka namba ya mlango." Akatabasamu. "Anko Jotham hakukusahau."

Jedidah hakutabasamu.

Alikumbuka siku moja ndani ya gari, joto likivuma miguuni, Jotham akimuuliza taratibu majina yake kamili na anwani yote, kwa ajili ya maombi ya kikundi, alisema. Naye Jedidah alikuwa amemshukuru.

"Fungua kopo."

"Shosho, limezibwa na plastiki ya dukani."

"Fungua."

Ilichukua muda. Alitumia ufunguo, kisha meno. Kifuniko kikatoka, majani meusi ya chai yakamwagika juu ya shuka. Kamande aliingiza vidole. Uso wake ukabadilika.

Alitoa kifurushi kilichofungwa kwa plastiki ngumu, kimekazwa kama tofali. Alikipeleka puani. Akakiangusha.

"Shosho," alisema kwa sauti ambayo Jedidah hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto. "Hii si chai."



Sasa Jedidah alielewa. Mjukuu abebe. Nyanya apokee. Kijana akipita, makopo yangefika jikoni hapa, kwa mwanamke mgonjwa wa moyo ambaye hakuna askari angemdhania. Akishikwa, kila kopo lilikuwa na jina, na jina hilo halikuwa la Jotham. Nduma, joto la gari, maombi ya kikundi. Yote yalikuwa yanakuja kwenye kopo lile. Na bado, kilichomuumiza zaidi ni kwamba kamba za viatu alizifunga kweli, na alizifunga kwa upole.

"Toka humo," alisema. "Liache sanduku. Shika pasipoti yako, utoke sasa hivi."

"Sina."

"Huna nini?"

"Pasipoti. Aliichukua yule dada anayenitunza hapa. Alisema ni ya kunisajili mapokezi." Kamande alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali, tena na tena. "Shosho, nimelishika. Nimeshika hiyo kitu. Nchi hii wanafunga watu mpaka wanazeeka."

"Tulia, mzee wangu. Niangalie. Niangalie mimi."

Sebuleni simu ya Jotham iliita.

Wanawake wawili wakanyamaza kabisa. Ukuta wa nyumba zile ni mwembamba. Sauti yake ilikuja ya chini, bila uchangamfu wowote, sauti ya mtu mwingine.

"Bado hajashuka? Amejifungia ndani? Mtume msichana apande juu. Mwambie amlete."

Na karibu wakati ule ule, kwenye simu ya Jedidah, mlango wa hoteli kule Bangkok ukagongwa.

"Kamande," sauti ya msichana iliita kutoka nje ya chumba. "Fungula mulango. Gari imefika."

Angélique alifika kwenye simu kwa hatua moja.

"Kamande, unasikia? Fungula."

Angélique alikuwa ameiweka mikono yake miwili juu ya mkono wa Jedidah ulioshika simu. Sauti ile aliijua. Alikuwa nayo kwenye basi kila asubuhi.

"Mama," alimwambia Jedidah, karibu bila pumzi. "Huyo ni mutoto yangu."

Jedidah hakuuliza mara mbili. "Kamande," alisema. "Peleka simu mlangoni. Iweke karibu kabisa na mbao. Usifungue."

Kioo kikayumba, kikaonyesha zulia, kikaonyesha mlango wa kahawia.

"Chancelle," Angélique aliita.

Kule nje mtu aliyekuwa anagonga akaacha kugonga.

"Chancelle, ni mimi."



"Mama?" Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Uko wapi?"

"Niko Barking. Niko kwa jikoni ya shosho ya huyu mutoto. Tulikuwa tunamenya viazi."

"Mama, kata simu. Hauelewe. Hao batu beko chini, kwa gari. Nikirudi bila yeye..."



"Gires ananiulizaka juu yako kila nikienda," Angélique alisema. Hakupandisha sauti, maana Jotham alikuwa ng'ambo ya ukuta. Aliongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Ninamwambia uko na kazi muzuri. Ninamwambia sauti yako iko na furaha. Ninamudanganya ili akule chakula yake."

"Mama, tafazali."

"Nilisimama pale kwa kizuizi, Chancelle. Unajua nilisimama. Ulikuwa pembeni yangu, ulikuwa umeshika termosi. Huyu naye iko na mutu wa kumungojea kesho. Iko mwanamuke muzee, iko mugonjwa, amenipokea kwake na hanijue. Usimusimamishe pale."

Jedidah aliomba bila maneno.

Kisha ikasikika sauti ndogo, kama karatasi inayosuguliwa juu ya zulia. Kamande aliinama. Alipoinuka alikuwa ameshika kijitabu.

"Pasipoti yangu," alisema. "Ameipitisha chini ya mlango."

"Asikie muzuri," sauti ya Chancelle ilinong'ona. "Sanduku aliache. Asipande lifti, iko mumoja wao anakuja nayo. Mwisho wa hii korido iko ngazi, inashuka kwa jikoni ya hoteli. Akitoka kule achukue teksi, aende kwa ubalozi yao. Asisimame mahali. Asijibu simu yoyote."

"Na wewe?" Angélique aliuliza. "Chancelle, na wewe? Toka naye. Chancelle."



Jedidah alivuta pumzi ya kumwambia kijana wake atoke. Hapo ndipo alipogundua jambo. Sebuleni palikuwa kimya. Kikombe hakikugusa tena sahani. Jotham hakukohoa.

Aligeuka.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Jotham alikuwa amesimama kizingitini, kikombe mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Alipita katikati yao taratibu, akafungua bomba, akasuuza kikombe chake kama mgeni mwenye adabu, akakifudikiza mahali pa vyombo. Kisha akanyoosha mkono uliolowa, ule ule uliofunga kamba za viatu.

"Shosho," alisema. "Nipe simu nimsalimie kijana."

Angélique alisogea, akasimama kati ya mkono ule na mwanamke mzee.

Kwenye kioo cha simu, Kamande alikuwa ameshika kitasa cha mlango, pasipoti kifuani, akimtazama nyanya yake kama alivyomtazama siku ile ya furushi la jirani, akingojea aambiwe la kufanya.

"Mke wangu," alinong'ona. "Nitoke?"

Na nyuma yake, nje ya mlango, kengele ya lifti ikalia.